Mpaka Jua Lizame

Wanaume wa Ekerenyo wanaweza mambo mengi, lakini kunyamaza wakati wanajua nani ameshinda, hilo limewashinda. Ndiyo maana pale hotelini kwa Linet kuliwekwa sheria. Mbio za magari zikiangukia Jumamosi, hakuna kutaja matokeo mpaka jua lizame, kwa sababu nusu ya mashabiki ni Wasabato na mchana wa Sabato hawagusi televisheni. Simu zote zinaingia ndani ya sufuria kubwa ya chapati, Linet anaifunika na kuweka kiti chake mbele yake. Atakayetoa siri ataosha vyombo vya hoteli nzima. Sheria hiyo ilikuwa imeheshimiwa msimu wote, na jioni hii ya mbio za mwisho hata walevi walikuwa wakiiheshimu.

Kwamboka aliingia na gauni lake la kanisani, la buluu, moyo ukimdunda. Mtu angedhani ni mbio. Mbio zilikuwa nusu tu ya shida yake. Wiki chache nyuma alikuwa amewaambia wazazi wake kwamba mwanamume anayemtaka ni Eliakim Osewe, fundi wa madishi na televisheni hapo sokoni, Mkatoliki, mtu wa kabila jingine, wa upande wa ziwa. Mama yake alikwenda jikoni akakaa huko. Baba yake, Alfayo Obwocha, mzee wa kanisa na mkulima wa chai ambaye hapandishi sauti hata ng'ombe akimkanyaga, alimwambia, "Nipe nafasi niombe. Sabato ya mwisho wa mwezi ikiisha nitatoa neno langu." Sabato yenyewe ndiyo hii iliyoisha sasa hivi. Mchana, baada ya chakula, mzee alichukua kofia yake akatoka bila kusema anakwenda wapi, na mpaka Kwamboka anaondoka nyumbani hakuwa amerudi.

"Mama Majani amefika," alisema Haron, mwendesha boda asiyejua kuongea polepole. "Sogeeni. Aketi mbele aone vizuri akilia."

"Nitalia na wewe ukinishika mkono," Kwamboka akamjibu, akaitupa simu yake ndani ya sufuria ya Linet.

Magari yale walikuwa wameyabatiza wenyewe. La kijani waliliita Majani, na wakulima wa chai wote walikuwa upande wake. Jekundu waliliita Nyanya. Madereva wa magari hayo mawili walikuwa wamefuatana kwa pointi tangu Machi, na sasa hesabu ilikuwa nyepesi kabisa: leo, atakayemtangulia mwenzake ndiye bingwa wa mwaka. Kwamboka alikuwa Majani damu. Osewe alikuwa Nyanya. Hapo ndipo ugomvi wao ulipoanzia, na mapenzi yao pia.

Ilikuwa mwezi wa Juni. Mbio za Jumamosi kama hizi. Osewe, ambaye Jumamosi kwake ni siku ya kazi, alikuwa amezirekodi dukani huku akizitazama, halafu jioni akaleta kifaa chake hotelini na uso mkavu kama wa hakimu. Kwamboka aliingia, akamtazama machoni kidogo tu, akasema, "Nyanya ameshinda." Watu walipiga kelele karibu wavunje mabati. Linet aliwahukumu wote wawili, mmoja kwa kutoa siri kwa macho na mwingine kwa kuisoma, wakaosha vyombo. Ndani ya karai la maji ya sabuni, katikati ya vikombe, Osewe alimshika vidole na hakuviachia mpaka povu likaisha.

Tangu hapo Kwamboka alijua kwamba uso wa mwanamume huyu ni wake kuusoma atakavyo, na alijivunia jambo hilo, kimya kimya, jinsi wengine wanavyojivunia pete.

Osewe aliingia kupitia mlango wa nyuma. Shati limepigwa pasi, kifaa cha kurekodia mkononi. Akasalimia wote kwa pamoja, akainama nyuma ya televisheni na kuanza kuunganisha waya. Akamaliza. Akaketi juu ya kreti la soda, ubavuni mwa skrini, macho chini.

Hakumtazama.

"Umeona?" Haron alimgonga mwenzake kiwiko. "Fundi amejifunza. Juni ilimfundisha. Anaogopa hayo macho ya Mama Majani."

"Afadhali hivyo," akasema Linet. "Nyinyi wawili, leo mkiangaliana mtaosha na sufuria za jana."

Watu wakacheka. Kwamboka naye akacheka. Ni kweli, alijiambia, ameshaona mbio zote, anajua yote, akinitazama tu nitajua. Lakini huwezi kuzoea mtu anayekutafuta kwa macho kila uingiapo mahali, halafu siku moja akukwepe, usisikie baridi.

Taa tano zikawaka kwenye skrini, zikazima. Magari yakaruka.

"Angalieni tairi za Nyanya, ni laini hizo," alianza Haron. "Atakimbia kama mwizi mwanzo, halafu zitamwishia. Mimi nawaambia."

"Wewe juzi ulisema breki za Majani zimekufa," mtu akamjibu kutoka nyuma. "Akashinda."

"Zilikuwa zimekufa. Alishinda na breki zilizokufa. Hiyo ndiyo inaitwa dereva."

"Kwamboka, unasemaje?"

"Nasema Nyanya amekaa mbele kwa sababu bado hajasumbuliwa," alisema, bila kutoa macho kwenye skrini. "Subirini mvua. Naona mawingu kule nyuma ya majukwaa. Majani kwenye maji hana mwenzake."

Wakati mwingine wowote Osewe angerukia hapo. Angesema huyu binti anauza dawa za mifugo dukani mchana kutwa, amejua mawingu ya huko lini? Wangebishana mpaka chai ipoe. Leo alikaa tu na kikombe chake. Kwamboka alisubiri maneno yake, hayakuja.

Akainuka, akachukua birika mikononi mwa Linet, akaenda kumwongezea chai mwenyewe. Akasimama karibu hata akasikia harufu ya sabuni kwenye shati lake.

"Nikuongezee?"

"Kidogo," alisema Osewe, akikitazama kikombe.

"Sukari?"

"Imetosha. Asante."

Asante. Alimwambia asante kama anavyomwambia mteja aliyechukua remoti yake na kuondoka. Kwamboka alirudi kwenye kiti chake na birika bado mkononi, Linet akaja kumnyang'anya.

"Kwani kuna nini?" Linet alimnong'oneza. Walikuwa marafiki tangu shule ya msingi.

"Hakuna. Anaficha matokeo."

"Anaficha vizuri sana," alisema Linet, na hakucheka.

Mvua ilikuja kweli, huko mbali kwenye mbio, na papo hapo ikaanza hapa Ekerenyo pia, rasharasha juu ya mabati. Upande wa chai ukashangilia. Majani akaanza kula mwanya kidogo kidogo. Nyanya bado aliongoza, na mbio zilikuwa zimeshavuka nusu, na watu walikuwa wamesimama juu ya viti ambavyo Linet amewakataza mara elfu.

Ndipo tairi la nyuma la Nyanya likapasuka.

Hakuna aliyetarajia. Gari liliyumba, likakwaruza ukuta, likasimama kidogo na kuanza kujikokota kuelekea kwa mafundi wake, vipande vya raba vikiruka nyuma. Hoteli nzima ilinguruma. Na katikati ya kelele hizo Kwamboka, bila kukusudia, aligeuza shingo kumtazama mwenzake.

Osewe alikuwa amesimama. Chai imemwagika yote kwenye suruali yake na hakuwa na habari. Mikono ipo kichwani, mdomo wazi. "Isiwe," alikuwa akisema, "haki isiwe, isiwe." Lilikuwa jambo jipya kwake. Alikuwa akiliona kwa mara ya kwanza, sawa na Haron, sawa na kila mtu.

Wengine wote walikuwa kwenye skrini. Kwamboka peke yake ndiye aliyemwona.

Kama Osewe hakujua kwamba tairi litapasuka, basi hakuwa ameona mbio. Kama hakuwa ameona mbio, hana matokeo yoyote ya kuficha. Basi tangu jua lizame, amekuwa akimficha nini?

Kwenye skrini Nyanya alipewa tairi mpya, akarudi barabarani akiwa wa saba, na watangazaji wakaanza kupayuka kwamba bado inawezekana, mizunguko ipo, Majani amebaki kwenye tairi kuukuu. Ndiyo sehemu tamu yenyewe. Sehemu aliyoingoja tangu Machi. Kwamboka akasimama, akapita mbele ya watu wote akiwaziba, akafika kwenye kreti la soda.

"Njoo nje," alisema.

"Mama Majani, sasa hivi?" Haron alilalamika. "Unaondoka sasa hivi? Toa kichwa tuone."

"Njoo nje, Eliakim."

Walisimama nyuma ya hoteli, chini ya ukingo wa mabati, mahali Linet anapopanga kuni. Migomba ilikuwa ikidondosha maji. Kutoka ndani sauti za watangazaji zilisikika vizuri kabisa, na Kwamboka alilazimika kufanya kazi kubwa kutozisikiliza.

"Hukuziona hizi mbio," alisema.

Osewe alitazama kuni.

"Nakuuliza."

"Sikuziona."

"Lakini ulirekodi. Ulikuwa dukani mchana kutwa."

"Nilirekodi. Stima ya hapa unaijua, ikipotea lazima mtu awe karibu aiwashe ile mashine tena. Kwa hiyo nilikaa. Nilifunika televisheni kwa shuka, nikazima sauti, nikawa naangalia ile taa yake ndogo nyekundu tu." Alimeza mate. "Nilitaka mara hii tuone pamoja. Wewe ungoje jua, na mimi nilingoje. Juni nilikuharibia."

Siku nyingine yoyote angemkumbatia hapo hapo, kuni zianguke zikitaka. Maneno yalimwingia mpaka ndani, yakamuuma zaidi.

"Basi kama hujui nani ameshinda, mbona huniangalii?"

Ndani watu waliguna kwa pamoja, jambo fulani likakosa kutokea.

"Eliakim, mimi si mtoto. Ni mwanamke mwingine?"

"Hapana. Mungu wangu, hapana."

"Basi sema."

"Baba yako alikuja dukani."

Kwamboka alishika nguzo. Ile kofia, alifikiri. Kumbe kofia ilikuwa inakwenda kwako.

"Lini?"

"Mbio zilikuwa zimeanza tu. Aliingia akiwa na nguo za kanisani, nikampa kiti. Akaangalia ile shuka, akaniuliza mbona nimefunika televisheni. Nikamwambia nangoja jua. Akaitazama tena ile shuka. Halafu akasema hana ubaya na mimi. Akasema wewe ni mtu mzima, hawezi kukulazimisha, ndiyo sababu ananiomba mimi. Nikuache. Niseme ni mimi nimeamua."

"Na wewe ukamwambia nini?"

"Kwamboka, angenitukana ningejua la kumjibu. Angesema mimi ni wa ziwa, mimi ni wa misa, nimezoea. Lakini alivua kofia. Mzee wa umri ule, akavua kofia mbele yangu, akaishika hivi kwenye magoti."

"Ukamwambia nini?"

"Nilisema sawa."

"Sawa," alisema Kwamboka.

"Jumatatu naenda Kisii mjini. Kuna jamaa ana karakana, amenitaka siku nyingi. Nilikuwa nikuambie leo, mbio zikiisha. Yeye aliniomba nisikuambie kabla jua halijazama, hakutaka ulie siku ya Sabato. Mimi nikaongeza langu. Nikasema angalau aone mbio zake za mwisho kwanza."

Kwamboka alicheka. Kilikuwa kicheko kibaya, hata yeye hakukipenda.

"Mmenihurumia sana, nyinyi wawili. Mmoja amenitunzia Sabato, mwingine amenitunzia mbio. Mmekaa hapo mkanigawanya kama shamba la urithi, na aliyesahau kuniuliza mimi nataka nini ni nani?"

"Si hivyo."

"Ni hivyo hivyo. Ulinishika mkono kwenye karai la Linet mbele ya vikombe mia, ukaniambia hutaniachia. Leo mzee amevua kofia, umeniachia."

"Alinitajia Sheila," alisema Osewe kwa sauti ya chini.

Sheila ni dada mkubwa wa Kwamboka. Aliolewa Manga na mwanamume asiye wa kanisa lao, mtu mwema tu, na tangu arusi hajaketi nao chakula cha Sabato hata siku moja. Jumamosi ni siku ya soko, na mumewe ana kibanda. Lakini mama yao kila Sabato humwekea Sheila sahani. Huiweka mezani tupu, mbele ya kiti chake, na baada ya chakula huiondoa tena na kuifuta, ingawa hakuna aliyeigusa.

"Aliniambia kuhusu sahani," Osewe aliendelea. "Akaniambia, fundi, nyumba yangu ina kiti kimoja kitupu, sina nguvu ya kutazama cha pili. Ningemwambia nini, Kwamboka? Wewe ungekuwa mimi ungemwambia nini?"

Machozi yalikuwa yakimtoka Kwamboka sasa, akayaacha. Alichukia kwamba baba yake alikuwa amesema ukweli. Alichukia zaidi kwamba Osewe alikuwa mtu wa kuusikia. Mwanamume mwingine angeupuuza.

Ndani Haron alianza kuwaita kwa sauti ya kuamsha waliolala. "Mama Majani! Fundi! Nyanya yuko wa tatu! Mizunguko inaisha, nyinyi mnapiga hadithi!"

Kwamboka aligeukia mlango. Sitawadanganya, aligeuka kweli. Mwaka mzima alikuwa ameamka na mbio hizi na kulala nazo. Kisha akajifuta uso kwa kiganja.

"Twende," alisema.

"Wapi?"

"Kwetu. Ukaniache huko. Kama unaniacha, niache mbele ya aliyekutuma, na mimi nikiwa nimesimama hapo nasikia. Siachwi nyuma ya jikoni la watu."

"Na mbio?"

"Mbio gani, Eliakim?"

Waliingia kwenye mvua ile nyembamba, bila mwavuli, yeye mbele na Osewe nyuma, hatua chache nyuma kama mtu anayepelekwa kwa chifu. Barabara ilikuwa tope. Hawakuzungumza. Walipofika kwenye banda la kununulia majani chai, ambalo Jumamosi huwa tupu kabisa, Kwamboka aliona mwanga wa tochi ndogo ukiwa umeelekezwa chini, na mtu ameketi kwenye benchi la kupimia.

Alikuwa baba yake. Suti ya kanisani, viatu vimejaa tope kavu. Hakuwa amefika nyumbani kabisa.

"Tata," alisema Kwamboka. Kwao humwita baba hivyo. Akaongeza salamu ya jioni, "Bwairire."

"Bwairire, mama." Mzee aliinua tochi, akamwona Osewe, akaishusha. "Amekuambia."

Kwamboka aliendelea kwa Kiswahili, makusudi, ili Osewe asikose hata neno moja.

"Ameniambia. Ulisema utanipa neno lako Sabato ikiisha. Limenifikia kwa mdomo wa mtu mwingine."

"Nilikosa nguvu ya kukuambia mwenyewe."

"Basi mwambie yeye arudie hapa mbele yako. Eliakim, sema. Sema unaniacha."

Osewe alifungua mdomo. Mvua ilikuwa ikimtiririka usoni. Alimtazama mzee, akatazama tope, akaufunga.

"Siwezi, mzee," alisema. "Nisamehe. Nilikuambia sawa, na nilikuwa nimekusudia. Lakini nikiwa naye hapa siwezi kulitamka."

Kwamboka alisogea chini ya paa la banda, karibu na baba yake, sauti ikampungua.

"Tata, ulipoingia dukani kwake, televisheni ilikuwaje?"

"Imefunikwa."

"Saa ya mbio."

"Saa ya mbio, ndiyo."

"Nani alimwambia aifunike? Mimi sikumwambia. Mchungaji wetu hamjui. Kwao Jumamosi ni siku kama zingine. Mwaka mzima ameshangilia lile gari jekundu, leo ndiyo mwisho, na amekaa nalo chumba kimoja bila kulitazama, kwa sababu mimi nilikuwa kanisani siwezi kulitazama. Uliiona hiyo shuka kwa macho yako. Na bado ukamwomba."

Mzee aliiweka tochi juu ya benchi. Katika mwanga wake Kwamboka aliweza kuona mikono ya baba yake ikizungusha ile kofia.

"Unajua kwa nini nilikwenda saa ile?" alisema hatimaye. "Nilijua mbio zitakuwa zinaendelea. Nilitaka nimkute ameketi na watu wake, wamejaa, wanapiga kelele, siku takatifu hii. Nimwone hivyo, nirudi nyumbani na roho nyeupe, nikuambie hapana bila kuumia. Nikafungua mlango nikakuta shuka. Nilikuwa nimeshapanga maneno yangu, mama. Nimeyapanga wiki tatu. Nikayasema tu. Halafu nimetoka pale, nimezunguka mpaka giza likaingia, nimefika hapa, nimeshindwa kupanda mlima. Ningemwambia nini mama yako? Kwamba nimemkuta anatunza Sabato nikamfukuza?"

Osewe alikuwa bado amesimama nje kwenye mvua, kwa sababu hakuna aliyemwambia aingie.

"Ingia, fundi, unalowa," alisema mzee.

Akaingia, akasimama mbali kidogo, kwa heshima.

"Nitakuuliza moja. Utamtoa kanisani?"

"Hapana, mzee. Jumamosi ni yake. Jumapili ni yangu. Na sitakudanganya kwamba nitabatizwa kwenu kesho, kwa sababu sijui."

"Na watoto?"

"Hatujafika huko," alisema Kwamboka.

"Mimi nimefika," alisema mzee. "Mimi ndiye babu."

Osewe alifikiri. "Watakula chakula cha Sabato kwako. Hilo naweza kukuahidi leo. Mengine nitakuahidi nikiyajua."

Mzee aliguna, ule mguno wake ambao kanisani huwafanya vijana waketi wima, na hakuna mtu ajuaye maana yake. Wakati huo huo kelele zilipasuka kutoka sokoni, kelele za watu wengi, mluzi, sufuria ikipigwa kwa mwiko. Mbio zilikuwa zimeisha. Kwamboka na Osewe waligeuka pamoja kuelekea huko.

"Nani ameshinda?" aliuliza mzee.

Waliendelea kutega masikio kuelekea sokoni.

"Si ni haya magari yenu? Mwaka mzima nyumbani kwangu ni Majani, Majani, hata nikadhani ni bei ya chai. Nani ameshinda?"

"Hatujui, Tata," alisema Kwamboka.

"Hamjui?"

"Tulitoka kabla hazijaisha."

Mzee alimtazama binti yake, gauni la buluu limelowa, tope mpaka magotini. Akamtazama fundi.

Pikipiki ilikuja kwa kasi kutoka sokoni, ikapunguza mwendo. Alikuwa Haron, uso umejaa habari mpaka unataka kupasuka. Aliwaona watatu hao chini ya banda, akaona sura zao, akaelewa.

"Kwani bado hamjaona?" aliuliza.

"Bado," alisema Osewe.

Haron alijiziba mdomo kwa mkono mmoja, akatikisa kichwa kwa uchungu wa kweli, akakaza mwendo na kuondoka bila kutoa neno.

Mzee Obwocha aliisubiri sauti ya pikipiki ipotee. Kisha akavaa kofia yake, akainuka, akachukua tochi.

"Sabato ijayo," alisema, akimwambia Osewe lakini akitazama njia, "tunakula tukitoka kanisani. Mama yake Kwamboka ataweka sahani."

"Ya Sheila?" Kwamboka aliuliza.

"Ya Sheila iko pale pale, hakuna anayeigusa. Yake ni nyingine." Alishuka kwenye ngazi ya banda. "Na sijasema ndiyo, mnisikie vizuri. Nimesema chakula."

"Nimesikia, mzee," alisema Osewe.

"Usichelewe kurudi, mama. Mvua hii haina mwisho."

Walibaki wakiutazama mwanga wa tochi ukipanda kilima, ukisimama kidogo pale penye utelezi, ukiendelea. Mpaka ukapotea kati ya chai.

Ndipo Osewe alipogeuka akamtazama. Jioni nzima hakuwa amethubutu, na sasa alimtazama wazi, macho yake yote, bila kuficha kitu, mvua ikimdondoka kwenye nyusi. Kwamboka alimshika uso kwa mikono miwili akausoma taratibu, kama mtu aliyenyang'anywa kitu na sasa anakagua kama kimerudi kizima.

"Jumatatu huendi Kisii," alisema.

"Siendi," alisema Osewe.